X Plastaz na shuka jekundu: rap ya Arusha iliyotokea Ulaya kabla ya Dar

Mwaka 2004 lebo ndogo ya Munich, Ujerumani, iitwayo OutHere Records, ilitoa albamu ya kundi la Arusha na kuipa jina Maasai Hip Hop. Kundi lenyewe, X Plastaz, lilikuwa mtaani tangu katikati ya miaka ya 1990. Ukiwahesabu Wamasai waliokuwamo unampata mmoja, Merege, na yeye wala hakuwa mchanaji, yaani mtu wa kurap. Kazi yake ilikuwa kuimba kwa Kimaa, lugha ya Wamasai. Waliochana, yaani Gsan, Ziggy na Faza Nelly, walikuwa machalii wa mjini, watoto wa Kiswahili cha kitaa, waliokuwa wakipigania kusikika kama wachanaji wengine wote wa mikoani. Hata hivyo dunia iliwapokea kwa jina la kabila ambalo wengi wao halikuwa lao.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mjadala wa rap ya mikoani hapa kwetu huishia sehemu moja: Dar es Salaam inabana. Ni kweli inabana. Lakini X Plastaz waliuzunguka mlango wa Dar, wakaingilia mwingine wa mbali zaidi, na huko nako wakakuta kuna ada. Ada hiyo ndiyo nataka tuitazame, pamoja na namna wadogo zao wa Arusha walivyokuja kukataa kuilipa.

Mji wenye nyuso mbili

Arusha anayoijua mgeni ni ya Mnara wa Saa, magari ya safari yenye paa la kufunguka, na mikutano. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, mkataba wa amani ya Rwanda ulisainiwa hapo mwaka 1993, wa Burundi mwaka 2000, na katikati mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ikaweka makao kuanzia 1995 mpaka ilipofungwa 2015. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imeketi hapo hapo. Dola ilikuwa inazunguka mjini hata pale ambapo mfuko wa mkazi haukuwa na shilingi.

Sasa panda kifodi, daladala la Arusha, uende Ngarenaro, Unga Limited, Kaloleni au Kijenge. Huko ndiko rap ya Arusha ilikotoka, na huko mgeni wa safari hafiki, kwa sababu barabara ya kwenda Ngorongoro haimpitishi. Vijana wa huko walikuwa na njia chache: udereva au upagazi wa mlima kwa mwenye kujuana na watu, biashara ya mkononi kwa wageni, au kwenda Mirerani kuwa mwanaapolo na kushuka shimoni kutafuta tanzanite. Kila mtaa ulikuwa na mtu aliyerudi kutoka Mirerani na pesa akaimaliza kwa wiki, na wengine ambao hawakurudi. Mchanaji wa Arusha hakulazimika kutunga habari za msoto. Alizikuta mlangoni.

Kuna jambo la jiografia ambalo watu wa Dar hulisahau. Kutoka Arusha mpaka Nairobi kwa barabara ya Namanga ni chini ya kilomita 300. Kwenda Dar es Salaam, kupitia Moshi, Same, Korogwe na Chalinze, ni zaidi ya kilomita 600, safari ya kutwa nzima kwa basi. Kwa hiyo sikio la chalii wa Arusha lilikuwa kaskazini kabla halijawa pwani. Kanda zilizorudufiwa, nguo, mikato ya nywele na majigambo ya Nairobi viliingia kwa mpaka huo. Ndiyo maana rap ya Arusha tangu zamani ina ugumu fulani wa sauti na haina haraka ya kuchekesha watu. Wenyewe walipenda kuiita "hardcore", na ukweli ni kwamba ilikuwa ngumu kuipenda ukiwa umezoea nyimbo za kuimbika za Dar.

Mambo mengine yaliyoujenga mji huo hayana mfano pengine popote nchini. Nje kidogo, kijijini Imbaseni upande wa Umeruni, anaishi Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Black Panther huko Kansas City, akakimbia Marekani mwaka 1970 na kuishia Tanzania. Yeye na mkewe Charlotte, anayejulikana kama Mama C, walijenga hapo kituo cha jamii ambacho vijana walisoma bila ada, na Mama C, mshairi na mpiga nyatiti, akawa mlezi wa wachanaji wengi wa Arusha. Hebu fikiria: kijana wa Ngarenaro anayeiga lugha ya rap ya Marekani, na kilomita chache tu kutoka kwao kuna Wamarekani walioishi siasa ile ile ambayo rap hiyo inaijivunia. Sijui mji mwingine wa Tanzania uliokuwa na bahati hiyo.

Mlango wa Dar

Rap ya Kiswahili ilianza kusikika kitaifa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Saleh J akichukua biti za Kimarekani na kuzivalisha Kiswahili, kisha Kwanza Unit wakaunda kundi mwaka 1993. Redio za watu binafsi zikaja katikati ya muongo huo, Radio One kwanza, Clouds FM baadaye. Studio zilizoheshimika, Mawingu, MJ Records, Bongo Records, zote zilikuwa Dar. Wasambazaji wa kanda walikuwa Kariakoo. Magazeti ya burudani yalichapishwa Dar. Hata msanii angekuwa mkali namna gani, mkono wa kumtoa ulikuwa sehemu moja.

Kwa mtu wa mkoani hesabu ilikuwa hivi. Nauli ya basi kwenda na kurudi. Pa kulala, kwa kawaida kwa shangazi au kwa mshikaji wa mshikaji, ambako baada ya siku chache unaanza kuona unaboa. Pesa ya studio. Halafu kumsubiri prodyuza, ambaye ana wasanii wa pale pale mjini wanaoweza kupita kila jioni kumsalimia, wakati wewe simu yako ni ya kibandani. Ukipata wimbo, uupeleke redioni, na huko napo palikuwa na desturi ambayo kila msanii anaijua na wachache huisema kwa kutaja majina: wimbo hauchezwi kwa uzuri wake peke yake. Ukifika Kariakoo, msambazaji anakupa pesa ya mara moja au kiasi kidogo kwa kila kanda, na idadi ya kanda anaijua yeye. Sheria ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999 na COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ikaundwa, lakini sheria haikuwa na macho ya kuhesabu kanda kiwandani.

Waliotoka mikoani walitatua tatizo hili kila mmoja kwa namna yake. Sugu alitokea Mbeya na kwa miaka mingi akawa ndiye sauti ya malalamiko ya wasanii dhidi ya mfumo huu. Afande Sele alibaki Morogoro, na akiwa mtu wa Morogoro ndivyo alivyotwaa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004. Lakini Morogoro unaweza kwenda Dar asubuhi na kurudi usiku. Fid Q alihama Mwanza. Arusha ilikuwa mbali mno kwa njia ya Afande Sele, na jeuri mno, nadhani, kwa njia ya kuhama. Msanii wa Arusha wa wakati huo alikuwa anaona kuhamia Dar ni kama kusalimu amri.

Mholanzi na tovuti

Hapo ndipo X Plastaz wanapochepuka. Mwaka 1997 Mholanzi Thomas Gesthuizen alianzisha tovuti ya rap ya Afrika, iliyoanza kwa jina la Rumba-Kali na baadaye ikajulikana kama africanhiphop.com. Alikuwa anajua Kiswahili, alikuwa anafuatilia wachanaji wa Tanzania kabla redio nyingi za hapa hazijawachukulia kwa uzito, na akawa meneja wa X Plastaz. Kupitia kwake kundi likapata vitu ambavyo Dar isingewapa kwa miaka kumi: ukurasa wa intaneti wakati wasanii wakubwa wa Bongo hawakuwa hata na anwani ya barua pepe, video zilizopigwa kwa makini, mialiko ya matamasha Ulaya, na mwishowe lebo ya Munich.

Sipendi namna baadhi ya watu wanavyosimulia sehemu hii, kana kwamba mzungu alikuja akawaokota. Kundi lilikuwepo. Nyimbo zilikuwepo, na wimbo kama Bamiza ulikuwa umeshapita mitaani. Alichokuwa nacho Gesthuizen ni kile alichokuwa nacho prodyuza wa Dar kwa msanii wa Dar: ukaribu na mlango. Tofauti ni kwamba mlango wake ulikuwa Amsterdam.

Lakini kila mlango una watu wake wanaosubiri ndani. Msikilizaji wa Dar alitaka kiitikio cha kuimba kwenye daladala. Msikilizaji wa tamasha la muziki wa dunia kule Ulaya alitaka kuona Afrika. Rap ya Kiswahili yenye biti ya New York na suruali pana haikumwambia kitu kipya. Alikuwa nazo rap nyingi za namna hiyo za vijana wa Kifaransa na Kijerumani kwao. Sasa mlete jukwaani mtu mwenye shuka jekundu, shanga, rungu, anaruka wima na kuimba kwa koo. Ukumbi mzima unageuka.

Merege anafanya nini hasa kwenye wimbo

Itakuwa dhuluma nikiliachia hapo, kwa sababu muziki wenyewe ni mzuri kuliko tangazo lake.

Wamasai, tofauti na majirani zao wengi, hawapigi ngoma. Muziki wao ni wa sauti: kuna kiongozi, olaranyani, anayetoa mstari, na kundi la morani wanaomjibu kwa mguno mzito wa kifuani, pumzi ikiingia na kutoka kwa mpangilio. Ule mguno ndio ngoma yao. Unabeba mapigo, unabeba besi, na mrukaji anaruka juu yake. Pembe ya kudu ikipulizwa ni kwa shughuli maalumu.

Sasa liangalie tatizo la prodyuza. Wachanaji wengi wa Afrika waliotaka ladha ya kwao walichukua ngoma au kifaa cha asili, wakakirekodi, wakakikata na kukirudia chini ya mistari. Kwa muziki wa Kimasai huna cha kukata. Huna ngoma wala zeze. Una pumzi ya binadamu tu, nayo haikai kwenye hesabu ya nne nne ya biti ya rap bila kuibembeleza. Walichofanya X Plastaz ni kumwacha Merege aimbe kama olaranyani, kwa Kimaa, bila kumlainisha, kisha wachanaji wakakaa sehemu ya kundi la kumjibu. Mchanaji anaingia palipotakiwa kuingia mguno. Ukisikiliza Aha! au Msimu kwa Msimu kwa sikio hilo, utasikia kwamba Merege si pambo lililobandikwa mwanzoni na mwishoni. Ndiye anayeuvuta wimbo, na Gsan anafuata. Na ile midundo ya mdomo ambayo rap ya Marekani iliigeuza sanaa ya mtaani, hapa ilikuwa tayari imo kwenye koo za watu wa Longido na Monduli kabla ya kinasa sauti kuvumbuliwa.

Kwa hiyo walifanya ugunduzi wa kweli. Hakuna aliyewaiga vizuri mpaka leo, kwa sababu kuwaiga kunahitaji mtu kama Merege, si kifaa.

Shuka hilo hilo, nyumbani

Ila nchini shuka lilikuwa na maana nyingine. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 Wamasai walikuwa wakionekana kwa wingi mijini kama walinzi wa usiku, wasusi na wauza dawa za miti. Mjini waliheshimiwa kwa ushujaa na kuchekwa kwa Kiswahili chao. Wimbo uliomleta Mmasai kwenye redio zote za taifa haukuwa wa X Plastaz, ulikuwa Mi Mmasai wa Mr. Ebbo, ambaye alikuwa Mmasai mwenyewe. Ebbo alikitumia kile Kiswahili cha kuvunjika kwa makusudi, akawachekesha watu, na katikati ya kicheko akajisifu kabila lake mbele ya watu wa mjini wanaojiona wamestaarabika. Ulikuwa ujanja mkubwa. Kila mtoto wa shule aliujua wimbo ule.

Weka hizo mbili pamoja. Ebbo alitumia Kiswahili kumweka Mmasai mbele ya Watanzania, na Watanzania wakacheka na kumpenda. X Plastaz walitumia Kimaa kumweka Mtanzania mbele ya Wazungu, na Wazungu wakapiga makofi bila kuelewa neno. Wote wawili walikuwa wanachezea picha ambayo wengine walikuwa wameshaichora kuhusu Mmasai. Ebbo aliichezea picha ya nyumbani, akalipwa nyumbani. X Plastaz walilipwa kule picha yao ilikouzwa.

Nyimbo zao za msoto ndizo ziliumia kwa mpango huu. Wimbo wao Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki umebeba kwenye jina lake lote swali ambalo kijana wa Unga Limited anajiuliza akiwa na njaa na mlango wa jirani uko wazi. Ndio wimbo wa mtaani hasa, usiohitaji shuka, na ungeweza kusimama mbele ya chochote kilichorekodiwa Dar miaka hiyo. Lakini kwa msikilizaji wa Ulaya asiyejua Kiswahili, swali hilo halifiki. Kinachofika ni Merege. Kundi likajikuta kwenye hali ya ajabu: kadiri lilivyojulikana zaidi nje, ndivyo mistari yao, kile walichoanza nacho, ilivyopungua thamani.

Jina la albamu ni la nani?

Wapo waliouliza swali hili kwa uchungu na wapo waliouliza kwa wivu, nami naona linastahili kuulizwa hata bila vyote viwili. Jina "Maasai" lina bei. Linauza viatu, magari, hoteli na mashuka kwenye maduka ya mbali, na Wamasai wenyewe wameshaanzisha juhudi za kudai haki kwa kampuni zinazotumia jina na sura yao. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 ina sehemu inayozungumzia sanaa za jadi na inaliachia Baraza la Sanaa la Taifa mamlaka juu ya matumizi yake ya kibiashara. Kwenye karatasi, basi, tuni ya morani si ya kuokotwa tu.

Kwa X Plastaz kuna jibu la haki: Mmasai alikuwemo ndani ya kundi, kwa jina lake, jukwaani na kwenye rekodi, si sauti iliyorekodiwa kijijini na kupelekwa studio. Hilo ni tofauti kubwa na wanaopita Ngorongoro na kinasa sauti. Jina la albamu, hata hivyo, halikusema "Merege na wenzake". Lilisema Maasai Hip Hop, na hivyo likawaficha machalii wa Arusha nyuma ya watu ambao hawakuwa wao, na kumgeuza Merege kuwa mwakilishi wa kabila zima. Mwaka huo huo OutHere ilitoa mkusanyiko wa rap ya Kiswahili na kuuita Bongo Flava. Kwa wasanii wa Dar jina la mtaani lilitosha. Kwa wa Arusha lilitafutwa kabila.

Nikiwa meneja wao ningefanya vivyo hivyo, pengine. Albamu ya kundi lisilojulikana, kwa lugha isiyojulikana, lazima ishikwe mahali fulani. Lakini nisingeshangaa baadaye kuona imeshikika hapo hapo tu.

2006 na 2009

Mwezi Machi 2006 Faza Nelly aliuawa Arusha. Ndiye aliyekuwa na sauti ya mtaa zaidi ya wote, msimuliaji, mtu ambaye hata asiyependa rap alimtambua. Kundi la sura ya kifamilia, lililozoea kusafiri na kulala pamoja, likipoteza mtu wa namna hiyo halimbadilishi kwa mwingine. X Plastaz waliendelea, lakini kasi haikurudi.

Halafu mwaka 2009 Gsan akaonekana mahali ambapo hakuna mchanaji wa Tanzania aliyewahi kufika: kwenye duara la mistari la tuzo za hip hop za kituo cha BET, Marekani, akachana kwa Kiswahili. Hana shuka, hana Merege pembeni. Biti inapita, kila mmoja anaingia kwa zamu, yeye anaingia na Kiswahili chake cha Arusha na wenzake wanatikisa vichwa. Baada ya miaka yote ya kubebwa na picha, alisimama kwa kitu kile kile alichokuwa nacho mtaani mwaka 1996.

Ajabu ni kwamba hapa nyumbani jambo hilo lilipita kama habari ndogo. Laiti angekuwa na wimbo unaochezwa redioni wiki ile, lingekuwa tukio la taifa. Hakuwa nao. Mtu anaweza kufika kilele cha gemu la watu wengine akakuta kwao hakuna aliyekuwa akiangalia.

Wadogo wakachagua basi

Wakati X Plastaz wakiwa Ulaya, Arusha haikulala. Kijenge walikuwepo Watengwa, akina JCB na Chindo, walioshikilia ugumu wa mtaa na kubaki nao. Ngarenaro wakatoka Nako 2 Nako Soldiers, ambao jina lenyewe ni Ngarenaro iliyofupishwa: Lord Eyez, G Nako, Ibra da Hustler na Bou Nako. Na Joh Makini akajiita Mwamba wa Kaskazini, jina la aina ambayo sikio la Dar lilikuwa halijaizoea.

Hawa walifanya hesabu nyingine. Walipanda lile basi la kutwa nzima. Wakaenda Dar, wakarekodi Dar, wakaishi Dar, lakini Arusha wakaibeba mdomoni. Badala ya kabila walibeba lugha: chalii, misemo ya kitaa, lafudhi ya juu juu ya kaskazini, majivuno ya mtu aliyetoka kwenye baridi. Nako 2 Nako walipotoa Hawatuwezi, watu wa Dar walikuwa wanarudia maneno ambayo nusu yake hawakuyajua, na hilo likawa ndilo la kujivunia. Lile lililoonekana kasoro miaka ya nyuma, yaani kuwa mshamba wa mkoani, likawa mtindo.

Kisha Joh Makini, mdogo wake Nikki wa Pili, G Nako, Lord Eyez na Bonta wakaungana kama Weusi. Walijipanga kama kampuni: nyimbo za pamoja, nyimbo za mmoja mmoja, video zenye mkono mmoja, na shoo wanazouziwa kama kifurushi. Hapa ndipo naona somo la X Plastaz lilikuwa limeingia, hata kama hakuna aliyelitamka. Kundi lenye meneja mmoja wa mbali likiyumba, limeyumba lote. Weusi mlango wao waliushika wenyewe. Na walipotaka kutoka nje ya nchi hawakupitia tamasha la muziki wa dunia. Joh Makini alimchukua AKA wa Afrika Kusini kwenye Don't Bother mwaka 2015, mchanaji kwa mchanaji, wakagawana mashabiki. Hakuna aliyevaa shuka.

Nikki wa Pili, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2021 aliteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe. Wapo wanaoona huo ndio ushindi wa rap ya Arusha na wapo wanaoona ndio mwisho wake. Mimi naona ni ushahidi tu wa jinsi walivyofika katikati ya mfumo ambao X Plastaz waliuzunguka.

Sisemi Weusi walikuwa jasiri kuliko X Plastaz. Walikuja wakati ambapo redio zilikuwa nyingi, simu za mkononi zilikuwa mfukoni, na Arusha ilikuwa na studio na vituo vyake. Isitoshe, X Plastaz ndio waliothibitisha kwamba mtu anaweza kutoka Arusha na kufika mbali bila kupewa ruhusa na mtu wa Kariakoo. Hilo peke yake liliwapa wadogo zao kifua cha kuingia Dar kama wageni waalikwa na si kama waombaji.

Ila kwa upande wa muziki, Weusi waliacha kitu nyuma. Ukisikiliza rap yote ya Arusha tangu 2004 mpaka leo, mistari imeendelea mbele sana, vina vimekomaa, biti zimekuwa safi. Ule uhusiano wa olaranyani na mchanaji, kiongozi anatoa na mchanaji anajibu mahali pa mguno, haujaguswa tena kwa kiwango kile. Machalii wapya wanauepuka, na nawaelewa. Hakuna anayetaka kuitwa kivutio cha utalii. Lakini Merege hakuwa kivutio alipokuwa studio. Alikuwa mwimbaji aliyewapa wenzake tatizo gumu la kimuziki, nao wakalitatua. Ukichukua albamu ile leo na kulisahau jina lake, ukaanza na Msimu kwa Msimu kisha ukaingia Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki, utasikia kundi la vijana wa Arusha lililokuwa na njia mbili za kwenda, ya shuka na ya mistari, na likaweza zote mbili kwenye rekodi moja. Munich walinunua moja. Dar haikununua hata moja kwa bei yake.